Uhamisho wa mwisho: kumaliza misheni ugenini na kurudi nyumbani vizuri

Mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho anaijua tarehe yake ya kurudi karibu tangu siku anapoanza. Vijana wa kiume hutumikia miezi 24, mabinti miezi 18, na kanda nzima inajua nani anamaliza lini. Kwa hiyo mwisho wa misheni haumshtukizi mtu. Kinachoharibu mambo ni kudhani kwamba kwa vile tarehe inajulikana, yote yatajipanga yenyewe. Hayajipangi. Haya nayaandika kwa ajili ya kijana wa Afrika Mashariki aliyeko Accra, Johannesburg, Lusaka au Leeds, aliyebakiza uhamisho mmoja au miwili (mzunguko ambao mwishoni mwake wamisionari hubadilishwa maeneo), na kwa wazazi wake wanaomsubiri Mwanza, Kisumu au Lubumbashi.

Uhamisho mmoja kwa kawaida ni wiki 6. Msimamo wangu ni kwamba kazi kuu ya wiki hizo ni makabidhiano. Kufundisha kunaendelea, kutafuta watu kunaendelea, lakini kila kinachofanyika kifanyike huku ukijua kwamba mwezi ujao mwingine ndiye atakayegonga mlango ule. Anayekabidhi vizuri hulala usingizi nyumbani kwao. Asiyekabidhi atapigiwa simu hadi Krismasi na watu waliomzoea yeye, wala si kanisa.

Anza na kumbukumbu za watu. Siku hizi kitabu cha eneo, yaani kumbukumbu za watu wanaofundishwa, kimo ndani ya programu ya simu, na maelezo yaliyomo ndiyo urithi pekee anaoupata mmisionari mpya, hasa pale wenzi wote wawili (wamisionari hutumikia wawili wawili) wanapohamishwa siku moja na eneo likapokelewa na wageni watupu. Maelezo mengi ni ya aina hii: "Tumefundisha Urejesho. Amefurahi. Tutarudi." Hayo hayamsaidii mtu. Linganisha na haya, ya eneo la pembezoni mwa mji wa Ghana:

"Shuka kituo cha mwisho cha trotro (daladala), fuata barabara ya vumbi hadi mashine ya kusaga, nyumba ya pili mkono wa kulia, geti la bluu. Yupo Jumanne na Alhamisi baada ya saa 11 jioni. Jumamosi yuko sokoni. Anasoma polepole, anapenda kusomewa. Kahawa ameshaacha, chai bado (kanisa linakataza zote mbili). Mume hajakataa ila hajawahi kukaa kwenye somo: msalimie kwanza kabla ya kuanza. Ahadi aliyonayo ni kusoma 3 Nefi 11 katika Kitabu cha Mormoni na kuja sakramenti Jumapili. Dada wa Muungano wa Usaidizi (chama cha akina mama kanisani) anayempitia asubuhi anakaa nyumba ya tatu, namba yake iko chini."

Kuandika hivyo kunachukua dakika 5 kwa mtu mmoja. Eneo lenye watu 30 wanaostahili kuandikwa ni kazi ya saa mbili na nusu, inayoweza kugawanywa kwenye vipindi vya kupanga vya usiku ndani ya wiki mbili. Ukiiacha hadi usiku wa kufunga mizigo, utaandika watano kisha usinzie. Andika pia waliokataa, na sababu yao. Mmisionari mpya akienda kumgongea mtu aliyekwisha kusema asisumbuliwe tena, anayechafuka jina ni kanisa zima mtaani hapo.

Kuna jambo nyeti kuhusu waumini wapya. Mwaka 1997 Rais Gordon B. Hinckley alifundisha kwamba kila mwongofu anahitaji vitu vitatu: rafiki, jukumu, na kulishwa neno jema la Mungu. Chukua orodha ya waliobatizwa katika miezi 12 iliyopita, kaa na kiongozi wa misheni wa kata (kusanyiko la kanisa la mtaa), na mbele ya kila jina jazeni majibu matatu. Rafiki yake ni nani? Ana wito (jukumu la kanisani) gani? Nani anamfundisha au kumtembelea? Mkikuta jina la rafiki ni la mmisionari, basi mtu huyo hana rafiki. Atakuja kanisani Jumapili mbili baada ya wewe kuondoka, ya tatu atasema mvua ilinyesha, ya nne hatasema kitu. Hali hii haitokani na imani haba. Alikuwa anamfuata mtu, na mtu ameondoka.

Dawa yake inahitaji wiki kadhaa, ndiyo maana haiwezi kusubiri. Wiki mbili za kwanza za uhamisho wa mwisho, hakikisha kila somo lina muumini wa kata aliyekaa karibu na mwanafunzi, na umwachie atoe ushuhuda wake badala ya kumkaribisha atoe sala tu mwishoni. Wiki ya tatu na ya nne mwenzi wako aongoze masomo, wewe ujazie. Wiki mbili za mwisho, ukiweza, kaa kimya zaidi ya unavyopenda. Mmisionari mzoefu huona uchungu kumsikiliza mwenzi mwenye miezi mitatu akijikwaa kwenye somo la Mpango wa Wokovu, lakini atajikwaa mara mbili tu. Ya tatu atasimama.

Tarehe yako waambie wanaofundishwa mapema, wiki tatu kabla, tena mbele ya atakayebaki. Usiwaage siku ya mwisho kwa kushtukiza. Wala usitumie kuondoka kwako kumharakisha mtu abatizwe. Sentensi "ningependa kukuona unabatizwa kabla sijaondoka" inaonekana ya upendo, lakini inamfanya mtu aingie majini kwa ajili yako. Mwenye kubatizwa anapaswa kuwa anahudhuria mkutano wa sakramenti, anazishika amri alizofundishwa, na anahojiwa na mtu mwingine, kwa kawaida kiongozi wa wilaya (mmisionari anayesimamia kikundi cha wenzake), wala si aliyemfundisha. Kama yuko tayari na tarehe imeangukia ndani ya muda wako, mshukuru Mungu. Kama imeangukia wiki moja baadaye, abatizwe wiki moja baadaye na kaka wa kata, na hilo litamfaa zaidi, kwa sababu kaka huyo atakuwapo mwaka ujao.

Kisha kuna ahadi. Watu watauliza: utarudi lini? Utanitumia nauli? Utanisaidia kupata viza? Jibu la upole na la kweli ni "sijui kama nitarudi, na sina uwezo huo". Mmisionari anayesema "tutaona" anadhani amekuwa na adabu, kumbe ameweka deni. Na madeni halisi yalipwe: pesa uliyokopa kwa mwenzi, nauli uliyolipiwa na kaka wa kata, sufuria ya mama wa jirani.

Vyakula vya kuaga viwekewe mpaka. Kila familia itataka kukupikia, na kukataa ni kuvunja heshima. Njia iliyo nzuri ni kuomba familia inayotaka kukualika imwalike pia mtu mnayemfundisha au muumini mpya, chakula kikawa nafasi ya kuwakutanisha. Hapo unaagwa na kazi inasonga.

Upande wa nyaraka hauna raha lakini ndio unaowakwamisha watu uwanjani. Miezi sita kabla ya kurudi, fungua pasipoti na uangalie tarehe ya kwisha. Mashirika ya ndege na nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi 6 mbele. Kama inaisha, mwambie katibu wa ofisi ya misheni siku hiyohiyo, kwa sababu pasipoti ya kielektroniki inahitaji alama za vidole, maana yake ni kufika ubalozini kwa mwili wako. Nchi nyingine hazina ubalozi wetu kabisa, wa karibu uko nchi ya pili, na kutoka nje ya mipaka ya misheni kunahitaji ruhusa ya rais wa misheni. Hati ya dharura ya safari ipo, ila ni njia ya mwisho, na si kila nchi ya kupitia inaipokea kirahisi.

Linganisha pia tarehe ya kwisha kwa viza au kibali cha ukaazi na tarehe ya ndege. Tarehe ya kurudi huweza kusogezwa ili iendane na mzunguko wa uhamisho, na kibali hakijui hilo. Afrika Kusini, kwa mfano, anayezidisha muda chini ya siku 30 anaweza kuzuiwa kurudi kwa miezi 12, na anayezidisha zaidi ya hapo kwa miaka 5. Kijana anayetumaini kurudi kusoma au kufanya kazi huko asiifanyie mzaha sheria hiyo.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ikae ndani ya pasipoti. Anayetoka Ghana kuingia Tanzania au Kenya ataulizwa, kwa kuwa Ghana iko kwenye ukanda wa ugonjwa huo. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10, kwa hiyo usikubali kudungwa tena bila sababu. Kama kadi imepotea, chanjo mpya huanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa. Anayekumbuka siku mbili kabla ya safari ameshachelewa.

Tiketi hununuliwa na kanisa, na safari huwa ya moja kwa moja hadi nyumbani. Mzazi anayetaka kuja kumchukua mwanawe, au familia inayotaka apitie kwa shangazi Dubai, wazungumze na rais wa misheni mapema sana na wawe tayari kuambiwa hapana. Ukipata tiketi, soma majina yote herufi kwa herufi ukilinganisha na pasipoti. Kwetu jina la babu huingia na kutoka kwenye nyaraka, na kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa urahisi wiki tatu kabla, si kaunta saa 9 usiku.

Mizigo. Tiketi nyingi za safari ndefu zinaruhusu masanduku mawili ya kilo 23, lakini si zote, kwa hiyo soma ya kwako. Azima mizani ya kuning'iniza ofisini. Vitabu na madaftari ndivyo vinavyokula kilo. Shajara zote na nyaraka ziende kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu sanduku likipotea suruali hununuliwa nyingine, shajara hainunuliki. Pawabenki nayo ni ya mkononi tu, hairuhusiwi kwenye sanduku linalopakiwa. Ya 20,000 mAh ina takriban Wh 74, chini ya kikomo cha kawaida cha Wh 100. Mashati yaliyokwisha kola usiyabebe. Nguo na viatu unavyoviacha mpe askofu (kiongozi wa kata) au rais wa Muungano wa Usaidizi avigawe. Ukigawa mwenyewe mlango kwa mlango, utafurahisha nyumba tatu na kuhuzunisha kumi.

Simu ina mtego wake. Barua pepe ya mmisionari haidumu baada ya huduma, kwa hiyo barua za wiki za miaka miwili, picha na anwani vihamishwe mapema. Nakili sehemu mbili: moja kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu, nyingine kwenye akaunti yako binafsi. Usitegemee intaneti ya siku ya mwisho kupakia picha 4,000. Kama simu inabaki kwa misheni, ondoa kwanza akaunti ya Google kwenye mipangilio, ndipo uifute yote. Ukiifuta bila kuondoa akaunti, ikiwashwa huenda ikadai nenosiri la akaunti ileile ya zamani, na mmisionari mpya atabaki na kipande cha kioo mkononi wakati wewe uko angani. Namba za watu unaowafundisha ziache kwenye kumbukumbu za eneo.

Nyumba isafishwe kama utakavyopenda kuikuta. Jiko, friji, mishumaa ya chujio la maji, funguo zote, nguo za ubatizo zilizofuliwa na kukauka. Nguo za ubatizo zikifungiwa kwenye ndoo zikiwa mbichi huota ukungu usiotoka.

Sasa nyumbani. Tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa kuongea na familia kila wiki siku ya maandalizi (siku yao ya shughuli binafsi), na mwishoni mazungumzo hayo huanza kumvuta mtu. Wenzake humtania kwamba ameshafunga sanduku moyoni. Sioni ubaya kupanga mambo ya kurudi na wazazi, bali pangeni kwa ajenda na muda: wiki hii chuo, wiki ijayo mahali pa kulala, wiki inayofuata nani anakuja uwanjani. Baada ya hapo simu ikatwe, kazi iendelee.

Kuna zungumzo moja ambalo familia za kwetu hulikwepa, nalo ndilo linaloumiza zaidi: mtoto aliyetoka nje harudi na pesa. Mjomba anajua ametoka Ulaya, majirani wanajua ametoka majuu, na wadogo zake wanasubiri simu na viatu. Mmisionari halipwi mshahara. Pesa ya mwezi ni ya chakula na nauli, na isiyotumika si akiba yake ya kubeba. Baba au mama aliseme hili kwa ukoo kabla ndege haijatua, tena kwa fahari: "Mwanetu alikwenda kumtumikia Mungu, anarudi kuanza maisha." Likisemwa na kijana mwenyewe sebuleni, mbele ya wageni waliokaa kusubiri sanduku lifunguliwe, linageuka aibu isiyo yake. Wengi wetu pia tunarudi kwenye nyumba ambazo sisi ndio waumini peke yetu. Huko, mweleze mzazi mapema kwamba utahitaji kwenda kuonana na kiongozi wa kanisa siku ya kufika au kesho yake, asidhani unakimbilia watu wengine kabla hujakaa naye.

Maana mmisionari anabaki mmisionari hadi apumzishwe rasmi. Mahojiano ya mwisho na rais wa misheni, chakula cha jioni nyumbani kwake na ushuhuda wa kuaga havimpumzishi. Anasafiri na kibandiko cha jina kifuani, anashika viwango vyake kwenye ndege na kwenye uwanja wa kupitia, na ni rais wa kigingi (kundi la kata kadhaa) cha nyumbani ndiye anayempumzisha, ana kwa ana. Safari yenyewe huweza kuwa ya peke yake baada ya miaka miwili ya kuwa na mwenzi saa zote. Hakikisha vibandiko vya mizigo vimeandikwa kituo cha mwisho. Tiketi zikiwa mbili tofauti, utachukua masanduku katikati na kuyakabidhi upya.

Afya haiishi uwanjani. Aliyekaa miaka miwili Johannesburg au Leeds amepoteza sehemu kubwa ya kinga dhidi ya malaria aliyokua nayo. Akirudi Mwanza, alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na homa yoyote ni ya kupimwa siku hiyohiyo, hata kama zamani alikuwa akiugua siku mbili na kupona. Aliyeingia mtoni au ziwani kubatiza watu, mathalani pembezoni mwa Ziwa Volta, apimwe kichocho wiki 6 hadi 8 baada ya kuingia maji mara ya mwisho. Kikiwapo, kinatibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli. Aliyeishi au kufundisha karibu na mgonjwa wa kifua kikuu apimwe wiki 8 hadi 10 baadaye, maana kipimo cha mapema huweza kudanganya. Mkikosa nafasi ya yote, fanyeni la malaria. Ndilo linaloua upesi.

Wiki mbili za kwanza nyumbani zina ukimya wa ajabu. Mtu aliyezoea kuamka saa 12 na nusu asubuhi na kulala saa 4 na nusu usiku, kila saa imepangwa, ghafla hana ratiba, hana mwenzi, hana watu wa kuwatembelea. Ushauri wangu si wa kiroho peke yake: shika saa ya kuamka ileile, soma maandiko saa ileile, na kila siku toka nje kwa jambo moja lenye anwani. Omba wito kwa askofu Jumapili ya kwanza, usisubiri akuone. Kibali cha hekaluni alichokupa rais wa misheni ni cha muda, kwa hiyo panga mahojiano mapya mapema. Kwa Afrika Mashariki hekalu sasa liko Nairobi, lililowekwa wakfu Mei 2025, na kutoka Arusha ni safari ya basi ya siku moja.

Masomo yaanzwe kabla ya kurudi. Aliyeahirisha chuo aandike barua ya kurejea kabla muhula haujafungwa, na familia imsaidie kuifikisha. Asiye na nafasi aangalie BYU-Pathway, programu ya elimu ya juu ya kanisa inayosomeshwa kwa mtandao kwa Kiingereza na kwa ada ndogo kwa nchi zetu. Shahada zake za miaka mitatu zina krediti 90 hadi 96 badala ya 120. Mfuko wa Kudumu wa Elimu wa kanisa, uliotangazwa mwaka 2001, nao upo, ila ni mkopo. Uchukue kwa kozi yenye kazi mwisho wake, kwa sababu marejesho yako ndiyo yanayomsomesha anayefuata.

Na waumini wa kule ulikotumikia watakuandikia. Wajibu, lakini kila swali la kazi lirudishe kwa waliopo: "Umemwambia askofu? Wamisionari wamekuja wiki hii?" Akikuandikia kwamba hajaenda kanisani wiki tatu, mtumie ujumbe kiongozi wa misheni wa kata siku hiyohiyo, umtaje jina na nyumba, kisha umwandikie mhusika kwamba kuna ndugu atampitia Jumapili saa 2 asubuhi.